Kifo Kilichofutwa: Hoja Dhidi ya Hatima ya Signal na Dhidi ya Watetezi Wake

Imezuka katika uhakiki wetu tabia ya kuiona hadithi isiyofungwa kuwa bora kuliko hadithi iliyofungwa, hata kabla ya kuuliza ni kitu gani kilichoachwa wazi na kwa nini kikaachwa. Chanzo cha tabia hiyo si kibaya. Kezilahabi alipotoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), wale waliozoea riwaya ya kihalisia walilazimika kukiri kwamba mwandishi hana deni la kumsindikiza msomaji hadi mlangoni kwake na kumtakia usiku mwema. Lilikuwa somo zuri. Ila somo likikaririwa mno hugeuka kuwa wimbo, na leo mwanafunzi wa uzamili akikutana na kazi inayokatika kabla ya kuisha huandika maneno mawili, "hatima wazi", kisha huweka kalamu chini kama aliyekwisha kutoa hukumu. Hajahukumu kitu. Ametaja umbo, basi.

Nakusudia kuushambulia mtindo huo kwa kutumia mfano ulio mbali na rafu zetu za vitabu, nao ni tamthilia ya runinga ya Korea Kusini iitwayo Signal, iliyoonyeshwa na kituo cha tvN kuanzia Januari 22 hadi Machi 12, 2016, katika sehemu 16. Mwandishi wake ni Kim Eun-hee na mwelekezi wake ni Kim Won-seok. Katika tuzo za Baeksang za mwaka huohuo ilitawazwa kuwa tamthilia bora, naye mwandishi akatuzwa kwa mswada wake. Wapo watakaouliza idara ya fasihi inatafuta nini kwenye runinga. Swali hilo nimechoka kulijibu. Anayekubali kwamba tamthilia ya jukwaani ni fasihi na kwamba ngano ya mdomo ni fasihi hana sababu ya kuikana hii ati kwa kuwa imepitia kwenye kamera. Isitoshe, hadithi ya upelelezi si mgeni kwetu: Muhammed Said Abdulla alikwisha kumtuma Bwana Msa kazini katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na tangu hapo msomaji wa Kiswahili anajua vyema anachokidai kwa mpelelezi afikapo ukurasa wa mwisho.

Kwa asiyeijua Signal, kisa chake kwa ufupi ni hiki. Park Hae-young, mchambuzi wa tabia za wahalifu katika polisi, anaikuta mwaka 2015 redio ya mkononi ya polisi, kuukuu, iliyokwisha kutupwa. Saa tano na dakika 23 za usiku redio hiyo hunguruma na kumkutanisha na askari wa wakati mwingine, Lee Jae-han, ambaye kwake miaka ya 1989 au 1995 au 2000 ndiyo leo. Kati ya wawili hao yupo Cha Soo-hyun. Alipokuwa askari mchanga alifunzwa kazi na Jae-han, akampenda bila kupata jibu la moja kwa moja. Sasa yeye ndiye mkuu wa kikosi cha kesi zilizokwama, na Jae-han ni mtu aliyetoweka mwaka 2000 wala hakuonekana tena. Hae-young naye ana jeraha lake. Kaka yake, Sun-woo, alisingiziwa kosa la ubakaji wa genge katika mji wa Inju, akafungwa, akatoka, kisha akakutwa amekufa, ikasemwa kwamba amejiua.

Ili tuielewe hatima tuanze na muundo. Todorov, katika makala yake ya 1966 juu ya aina za hadithi za upelelezi, alionyesha kwamba hadithi ya namna hii hubeba visa viwili. Kipo kisa cha uhalifu, ambacho kimekwisha kabla ya ukurasa wa kwanza, na kipo kisa cha upelelezi, ambacho ndicho tunachokisoma. Cha kwanza hakipo mbele yetu lakini ndicho chenye uzito. Cha pili kipo, lakini kazi yake ni kukifichua kile cha kwanza tu. Bwana Msa anapoweka kando kiko chake na kueleza jinsi mambo yalivyotokea, anakirudisha kisa cha kwanza kikiwa kizima. Maelezo yake hayamfufui aliyekufa wala hayamwui aliye hai. Ndiyo maana anaweza kunyamaza baada ya kusema, nasi tukafunga kitabu.

Signal inauvunja ukuta uliopo kati ya visa hivyo viwili. Hae-young akimwambia Jae-han jina la mahali ambapo mwanamke atauawa, Jae-han huenda mahali hapo, na mwanamke huyo hafi. Mara picha zilizobandikwa ukutani katika ofisi ya mwaka 2015 hubadilika. Maelezo yamekuwa tendo. Kisa cha upelelezi kinaandika upya kisa cha uhalifu, na uhalifu mpya unadai upelelezi mpya. Basi wale wanaolalamika kwamba tamthilia hii haina mwisho, kwamba maswali mengi hayakujibiwa, wanaidai kazi hii deni la Bwana Msa, nayo haikukopa kwake. Katika muundo huu hakuna ufichuzi wa mwisho unaowezekana, kwa kuwa kila ufichuzi hukigeuza kile kilichofichuliwa. Hadi hapa niko pamoja na watetezi.

Lakini muundo huo ulikuja na sharti, na sharti lenyewe hakulitunga mhakiki. Lilitungwa na tamthilia. Kila kinachookolewa hulipiwa. Katika kesi za kwanza mwanamke mmoja anaokolewa kando ya reli, na muuaji anabadili mwendo wake, wengine wanakufa. Katika kesi ya wizi wa majumba ya matajiri, taarifa iliyotoka mwaka 2015 inamfanya Jae-han amkamate Oh Kyung-tae, mtu asiye na hatia katika wizi huo. Siku ya kukamatwa kwake daraja linaporomoka, na binti yake aliyekuwa ndani ya basi anakufa. Mtazamaji wa Korea hakuhitaji kuelezwa ni daraja gani. Daraja la Seongsu mjini Seoul liliporomoka Oktoba 21, 1994, watu 32 wakafa, wakiwemo wasichana waliokuwa wakienda shule. Kyung-tae anatoka gerezani baada ya miaka 20 akiwa na kisasi, na kisasi hicho kinamwua Soo-hyun katika mlipuko. Hae-young analia kwenye redio. Jae-han anamtafuta mwizi wa kweli, anampata, na Soo-hyun anarudi duniani. Binti wa Kyung-tae harudi.

Mpinzani wangu atadaka hapohapo: kumbe hata Soo-hyun alifufuliwa, mbona hilo hukulishtaki? Silishtaki kwa sababu mbili. Kwanza, kifo chake kilikuwa kifupi; hakuna aliyemzika, hakuna aliyejifunza kuishi bila yeye, na ufufuo wake ulikuja kutufundisha nguvu ya redio na ubaya wake kwa pamoja. Pili, na hili ndilo kubwa, maiti ya mtoto ilibaki katika mizani. Mwandishi hakutuficha gharama. Aliiweka mezani, akatutaka tuitazame.

Sasa tuje kwenye kifo cha Jae-han, ambacho ni jambo la namna nyingine kabisa. Kwa miaka 15 Soo-hyun amekuwa akienda makafani kila inapopatikana mifupa isiyojulikana ni ya nani. Anachokitafuta ni bamba la chuma kwenye bega, kwa kuwa Jae-han aliwahi kuumia hapo. Tamthilia inatuonyesha safari hizo bila muziki mwingi, bila maneno mengi: mwanamke wa makamo katika chumba baridi, anainua shuka, anatazama bega, anashukuru, anaondoka. Nasema anashukuru, ingawa hasemi. Halafu siku moja mifupa inafukuliwa katika ua wa nyumba, na bamba lipo. Jae-han aliuawa mwaka 2000 na askari wenzake waliokuwa wakimtumikia mkubwa, akafukiwa kama mzoga. Baba yake anapewa mwana wake. Pana mazishi. Wakati huohuo, usiku, redio bado inanguruma, na sauti ya yule aliyezikwa bado inauliza habari za kesi. Sijaona katika hadithi za upelelezi za miaka hii hali iliyo nzito kuliko hiyo, ya mtu anayeongea na marehemu ambaye hajui kwamba ni marehemu, akijua kwamba kumwambia ni kumwokoa na pia ni kuivuruga dunia.

Kisha inakuja sehemu ya 16. Onyo kutoka siku zijazo linamfikia Jae-han kwa wakati. Anaponea chupuchupu. Hae-young, aliyepigwa risasi mwaka 2015 akimkinga Soo-hyun, anazinduka katika dunia iliyopangwa upya. Sun-woo amekufa vilevile, ila jina lake limesafishwa. Jae-han hakuuawa mwaka 2000. Alitoweka akiwa bado anawaandama wakubwa, na sasa kuna dalili kwamba yu hai mahali fulani. Hae-young na Soo-hyun wanaonekana garini wakielekea hospitali moja. Tunasikia maneno ya kutokata tamaa. Kamera inaingia chumbani, na Jae-han yupo.

Hapo ndipo watetezi wanaposimama na kupiga makofi: hatukuonyeshwa wakikutana, hatukuambiwa lililompata kwa miaka 15, hatujui kesho yake, basi ni hatima wazi, na hatima wazi ni ukomavu wa usanii. Nawasihi watazame tena. Je, ni nini hasa kilichoachwa wazi? Ni muda wa kukutana, dakika tano au kumi. Swali lililobebwa na tamthilia nzima, kama walio hai wana haki ya kuwarudisha wafu na ni nani atakayelipa, halikuachwa wazi. Limefungwa kimyakimya kwa picha moja ya mwanamume aliye hai kitandani. Mlango uliofunguliwa ni wa sebuleni. Wa makafani umefungwa kwa kufuli.

Wapo watakaosema kwamba kule kutoweka kwa Jae-han ndiyo gharama. Amepoteza miaka 15, Soo-hyun amempoteza kwa miaka hiyohiyo, nini tena ninachokitaka? Hoja hii ina nguvu kiasi, na kwa muda ilinishawishi. Lakini malipo yanayorudishwa mkononi mwa mlipaji kabla hajatoka dukani hayawi malipo. Binti wa daraja alikufa na hakurudi. Ndiyo sababu kifo chake kilihesabiwa. Kutoweka kwa Jae-han kunatajwa na kufutwa katika sehemu ileile. Ni taharuki, wala si gharama, na tofauti kati ya vitu hivyo viwili ndiyo inayotenga masimulizi yenye maadili ndani yake na masimulizi yenye ustadi tu.

Hebu sasa tumweke Sun-woo kando ya Jae-han. Wote wawili waliuawa mwaka 2000. Wote wawili waliuawa ili kumlinda mkubwa. Hae-young alipougundua ukweli kuhusu kaka yake alimsihi Jae-han aende akamwokoe, na Jae-han alichelewa. Kwa hiyo ndani ya sehemu chache tunapewa vifo viwili vya asili moja, na tamthilia inakikubali kimoja na kukifuta kingine. Sababu ya msuko ipo, sikatai: ujumbe mmoja ulichelewa, mwingine uliwahi. Lakini sababu ya msuko huandikwa na mwandishi, haitoki mbinguni. Tuna haki ya kuuliza kwa nini saa ilimchelewea kijana wa shule asiye na mtu na ikamuwahi shujaa anayependwa na watazamaji. Sehemu ya mwisho ilitazamwa kwa zaidi ya asilimia 12, kiwango kikubwa kwa kituo cha kebo, na siamini kwamba waliokuwa wakitazama walikuwa wakimwombea Sun-woo.

Na hapa ndipo ninapolazimika kusema jambo linaloweza kuwashangaza waliokwisha kunihesabu miongoni mwa maadui wa tamthilia hii. Uamuzi wa kumwacha Sun-woo katika kaburi lake ni uamuzi bora kuliko wote katika sehemu ya 16. Jina limesafishwa, uhai haukurudishwa. Mama yake anaweza kutamka jina la mwanawe bila kuinamisha kichwa, na bado kiti chake mezani ni kitupu. Hicho ndicho kipimo cha kile ambacho ukweli unaweza kuwafanyia wafu. Laiti tamthilia ingekuwa na ujasiri wa kutumia kipimo hicho mara mbili.

Kwamba kipimo hicho si cha kubuni, historia ya Korea yenyewe ilikuja kushuhudia. Kesi ya mauaji inayompokonya Jae-han mwanamke aliyempenda imejengwa juu ya mauaji ya Hwaseong, katika mkoa wa Gyeonggi, ambako wanawake na wasichana kumi waliuawa kati ya 1986 na 1991. Kim Eun-hee hakuwa wa kwanza kuuendea msiba huo. Kim Kwang-rim aliuandikia tamthilia ya jukwaani mwaka 1996, na Bong Joon-ho akaitumia tamthilia hiyo kwa filamu yake Memories of Murder ya mwaka 2003. Wakati huo wote muuaji hakujulikana. Sheria ya Korea iliweka ukomo wa miaka 15 wa kushtaki kosa la mauaji, kwa hiyo mwaka 2006 hata kesi ya mwisho ya Hwaseong ilikwisha kutoka mikononi mwa mahakama. Mwaka 2007 ukomo huo ulisogezwa hadi miaka 25, na mwaka 2015 ukafutwa kabisa. Kilichosukuma ufutaji huo ni kifo cha mtoto wa miaka 6 aliyemwagiwa tindikali mjini Daegu mwaka 1999. Sheria ilipopita, ukomo wa kesi yake mwenyewe ulikuwa umekwisha kufika. Sheria iliyozaliwa na kifo chake haikumgusa.

Tamthilia inalijua jambo hili kwa undani. Sehemu zake za mwanzo zimejengwa juu ya saa ya ukutani: msichana mdogo alitekwa na kuuawa mwaka 2000, mtuhumiwa ameketi katika chumba cha mahojiano, na dakika zinakwenda. Zinaisha. Mtuhumiwa anashikwa kwa mauaji mengine; kwa mauaji ya mtoto hashtakiwi. Mama aliyesubiri miaka 15 anabaki na jibu lisilokuwa na hukumu. Ni ukatili wa sheria ulioonyeshwa bila kuremba, na kila nikiukumbuka huona ajabu kwamba mkono ulioandika mwanzo huo ndio ulioandika chumba kile cha hospitali.

Septemba 2019, miaka mitatu na nusu baada ya Signal kumalizika, polisi walitangaza kwamba vinasaba vilivyohifadhiwa tangu mauaji ya Hwaseong vimelingana na vya Lee Chun-jae. Mtu huyo hakuwa amejificha. Alikuwa gerezani tangu miaka ya tisini akitumikia kifungo cha maisha kwa kumbaka na kumwua shemeji yake mwaka 1994. Alikiri mauaji 14. Kwa mauaji ya Hwaseong hakushtakiwa, maana ukomo ulikuwa umepita. Ikadhihirika pia kwamba mtu aliyehukumiwa kwa mauaji ya nane, ya mwaka 1988, alikuwa ametumikia takribani miaka 20 kwa kosa ambalo hakulitenda, baada ya kulazimishwa kukiri. Mahakama ilimtangaza kuwa hana hatia Desemba 2020. Miaka haikurudishwa, jina lilirudishwa.

Msomaji ataona kwamba nimemrudia Sun-woo, na Kyung-tae, bila kukusudia kuwarudia. Kim Eun-hee aliwaandika mwaka 2016, kabla hayo hayajafichuka: polisi wanaohitaji mkosaji na kumtengeneza, maskini anayefaa kutengenezwa, ukweli unaokuja ukiwa umechelewa na mikono mitupu. Katika kuliona hilo tamthilia iliitangulia mahakama. Sijui sifa gani kubwa zaidi ya hiyo inayoweza kupewa kazi ya sanaa. Ndiyo sababu siwezi kuisamehe kwa urahisi kwa kule kujisaliti kwake mwishoni, ambako ningekusamehe katika kazi hafifu bila hata kulitaja.

Linganisha na Bong. Filamu yake inaisha mwaka 2003, wakati yule askari wa zamani, sasa mfanyabiashara, anaporudi kwenye mfereji ulipokutwa mwili wa kwanza. Mtoto wa kike anamwambia kwamba hivi karibuni mtu mwingine alikuja kuchungulia pale. Sura yake ilikuwa ya kawaida tu. Askari anageuka, anaitazama kamera. Bong ameeleza kwamba alitaka mtazamo huo umkute muuaji, ikiwa ameketi miongoni mwa watazamaji. Hiyo nayo ni hatima wazi, lakini angalia ni kitu gani kilichoachwa wazi: ni hatia yenyewe, uso wenyewe, na sisi tulioketi gizani hatuwezi kujitoa. Miaka 16 ilipita kabla ya mtazamo ule kupata jibu, na jibu lilipokuja filamu haikuchakaa. Signal nayo inafunga kwa uso wa mwanamume. Uso huo unatutuliza. Kutoka kwa Bong hadi Kim Eun-hee macho yamehama kutoka kwa aliyeua hadi kwa tunayempenda, na katika uhamisho huo wanawake wa Hwaseong wameachwa njiani. Sehemu 15 zilitukataza kuwasahau. Katika dakika za mwisho hawatajwi.

Atakayenijibu kwamba tamthilia ya runinga haiwezi kupimwa kwa mizani ya filamu, kwa kuwa hutungwa ikimwangalia mtazamaji wa wiki kwa wiki, atakuwa ananipa kisa, hanipi utetezi. Riwaya zilizochapishwa gazetini kwa mafungu katika karne ya 19 zilikuwa katika hali hiyohiyo, nasi hatusiti kuzihukumu. Na habari za mwendelezo, zilizotangazwa miaka mingi baadaye, hazinihusu hapa. Kilichotolewa mwaka 2016 kilitolewa kikiwa kimekamilika, kikatuzwa kikiwa hivyo, na kama hatima yake ni tangazo la bidhaa ijayo, basi watetezi wangu wa "hatima wazi" wana tatizo kubwa zaidi ya langu.

Lipo jambo moja ambalo sina budi kulikiri, maana ubishi usiokiri ni kelele. Nilipoitazama sehemu ya 16 kwa mara ya kwanza nilifurahi. Nilipoona gari linaelekea baharini nilisogea kitini. Nilipouona uso wa Jae-han nilipumua kama mtu aliyeletewa habari njema za jamaa yake. Kermode aliandika mwaka 1967 kwamba sisi tunaoishi katikati ya wakati, tusiouona mwanzo wala mwisho wetu, tunazihitaji hatima za kubuni ili maisha yapate umbo. Nilikuwa nimelipata umbo langu, nikalala vizuri. Furaha hiyo ndiyo ninayoishtaki. Haikuniuliza kitu. Asubuhi yake nilijaribu kulikumbuka jina la yule binti wa darajani, nisiweze. Ikanibidi kurudi nyuma kulitafuta. Eun-ji. Tamthilia iliyokuwa imenifunza kuhesabu majina ilikuwa imenifunza pia, katika saa yake ya mwisho, kuyasahau.

Kwa hiyo nawajibu walalamikaji kwamba mwisho upo, wala hawakudhulumiwa majibu. Na nawajibu watetezi kwamba mwisho huo si wazi kama wanavyodai. Kazi ya mhakiki ilikuwa kuuliza nani amelipa. Nami nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba hakuna aliyelipa, mpaka nilipoitazama tena nikamfikiria baba yake Jae-han. Katika dunia ya kwanza mzee huyo alipata mifupa ya mwanawe, akaizika, akawa na mahali pa kwenda. Katika dunia mpya mifupa haikufukuliwa, kwa kuwa haikufukiwa. Mazishi hayakuwako. Kwake yeye mwanawe ni mtu aliyeondoka siku moja miaka 15 iliyopita na hakurejea, na kila simu inayolia usiku huenda ndiyo ile. Hae-young na Soo-hyun wako njiani na wanakijua wanachokiendea. Mzee hajui kitu. Yupo nyumbani, anasubiri, na gari halikupitia kwake.